Ngumi kwenye meza ya Bwana

Mama Ghati, unakumbuka jirani yangu Mwamvua aliniuliza, "Sharika mbili kanisa moja, hamtapigana?" Nikamcheka.

Leo wamepigana. Madhabahuni, dada! Kwenye ibada ya pamoja, sisi na wenzetu Warundi.

Mzee wao Gasper alipiga magoti apokee chakula cha Bwana. Benedicto, mzee wetu wa kanisa, akamfokea, "Rudi nyuma, huu siyo mgao wa wakimbizi kambini Nduta!"

Gasper akajibu polepole, "Ndugu, hapa hakuna foleni."

Benedicto akamtandika ngumi ya mdomo. Ngumi, mama! Gasper akaanguka, Benedicto akamwongeza teke. Damu mpaka kwenye kitambaa cheupe nilichofua mwenyewe.

Halafu Benedicto huyohuyo akapiga magoti penye damu, akakinga mikono apewe mkate.

Mchungaji akamtazama, akafunika kikombe, akatoka.