Mume Wangu Amempa Jini Kilio Changu

Mpendwa Shangazi, nakusoma kila wiki na sikuwahi kudhani na mimi ningekaa nikuandikie, lakini maji yamenifika shingoni, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku yenyewe na sijui kama nivae gauni niende au nifunge virago vyangu niondoke.

Mimi ni fundi cherehani, mume wangu anapiga video za harusi, na pembeni ndiyo hizo filamu zake za kutisha, zinaitwa Sema Lako, kuna jini anatoka kwenye chupa anamwambia mtu sema lako, mtu akisema anapewa, lakini anapewa kwa kukomolewa, aliyetaka nyumba anaipata kwa kufiwa na kaka yake, aliyetaka kupungua mwili anapewa ugonjwa, ndiyo hivyo. Sehemu ya kwanza tuliitengeneza kwa kuungaunga, Shangazi, chupa yenyewe ilikuwa chupa yangu ya chai yenye maua, kanzu ya jini niliishona kwa pazia letu la sebuleni, moshi ni trei za mayai tulizochoma nyuma ya nyumba mpaka majirani wakaja mbio na maji, na jini mwenyewe ni fundi wa kuchomelea vyuma, tunamwita Nguzo kwa urefu wake, alikuwa anaongea kichwa kikiwa ndani ya ndoo ili sauti iwe nzito. Watu walicheka. Filamu ya kutisha, ukumbi mzima umeshika mbavu. Mume wangu akarudi nyumbani akasusa chakula, na mimi kwa kumbembeleza nikamwambia usijali baba, natamani siku moja watu walie kwenye filamu yako mpaka wakose leso. Hayo maneno niliyasema kwa kinywa changu, sikatai.

Kabla ya sehemu ya pili binti yetu akaugua. Alikuwa na miaka mitatu. Homa ilimpanda ghafla tukamkimbiza hospitali hata viatu hatukukumbuka, na kabla ya adhuhuri muuguzi akatoka akatuita pembeni. Nililia, Shangazi, sijui nililiaje, najua tu nilikuwa nasema mvisheni viatu, sakafu ina baridi, mvisheni viatu mwanangu, wakati hata kwenye sakafu hakuwepo. Mume wangu alisimama karibu yangu ameshika kifua. Nikajua ni uchungu. Sasa ujue mume wangu ana kinasa sauti ambacho hakitoki mfuko wa shati, anarekodi kila kitu, mafuta yakichemka, mlango ukilia, majirani wakigombana, anasema sauti nzuri hainunuliwi dukani.

Sehemu ya pili wakaitengeneza, na wifi yangu, dada yake mdogo, akapewa nafasi ya mama anayemwomba jini amrudishie mtoto aliyekufa. Liliniuma, lakini nikajisemea labda ndivyo mwenzangu anavyoomboleza, kila mtu na namna yake. Nilikuwepo siku ya kurekodi, nimepiga magoti nabana pindo la gauni la wifi, pini ziko mdomoni, mume wangu akamwambia dada yake wewe panua mdomo tu, sauti nitaiweka baadaye, wifi akapanua mdomo kama samaki, nikacheka mpaka pini zikanidondoka. Nilicheka, Shangazi.

Siku ya kuonyeshwa tulikaa ukumbini mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, jini akatoka kwenye chupa yangu, akasema sema lako, wifi akapanua mdomo, na kilichotoka ni mimi. Mvisheni viatu. Sakafu ina baridi. Yote, neno kwa neno, mpaka pale nilipokosa pumzi. Ukumbi mzima ulilia, mwanamume wa mbele yangu alijifuta kwa kofia yake, taa zilipowashwa wakambeba wifi juu juu, huyu binti anajua kulia, na wifi akainama kuwashukuru, hakunitazama. Watu wakatufuata mpaka nyumbani kupongeza, nikawamiminia chai kutoka chupa ileile.

Walipoondoka nikamuuliza mume wangu, umewezaje? Akaniambia, “Wewe si ulitamani watu walie? Wamelia.” Akaongeza, “Na mtoto alikuwa wangu pia.” Wifi naye akasema, “Wifi, usiwe mchoyo, si kimeshapita?” Mchoyo, mimi. Na mama mkwe anasema nivumilie, mwanamume anayekulisha hachunguzwi.

Sasa gari la matangazo linapita mtaani na spika juu, kilio changu kinaingia dirishani huku nashona. Watoto wanacheza jini nje ya chumba changu cha kazi, mmoja anavaa gunia, wengine wanajiangusha chini wanapiga kelele sakafu ina baridi, sakafu ina baridi, wanakufa kwa kicheko. Jumamosi filamu inakwenda ukumbi mkubwa, nimenunuliwa gauni nikae mbele. Na sehemu ya tatu mume wangu anasema kila jini akitokea kitasikika kilio kile, eti ndiyo alama yetu. Mimi tangu siku ile sijalia tena, Shangazi, naogopa mfuko wa shati. Kuna wakati najiuliza kama si mimi niliyeomba na nikapewa. Niambie, nimeponzwa na ulimi wangu? Niende Jumamosi, nivumilie, au niondoke?

Ni mimi, fundi cherehani.

SHANGAZI ANAJIBU

Pole, mama. Pole ya mtoto. Naanza na hiyo kwa sababu katika watu wote uliowataja sijaona aliyekupa, wamekupa gauni.

Sasa nikugombeze. Unaniuliza kama umeponzwa na ulimi! Hivi wewe, mtu mzima na akili zako, jini umemshonea kanzu kwa pazia lako mwenyewe, umemwona akitoa kichwa kwenye ndoo jasho linamtiririka, halafu leo hii unamwogopa? Hapo hakuna jini, mwanangu. Hapo kuna mume. Mke kumtakia mumewe heri akiwa amesusa chakula si kosa, na mtoto alichukuliwa na homa, si na maneno yako. Kilio ndicho kilichochukuliwa na mtu, na mtu huyo unalala naye.

Anasema mtoto alikuwa wake pia. Kweli kabisa. Basi na alie! Koo analo, kinasa sauti anacho, ajirekodi mwenyewe. Simnyimi uchungu wake, usinielewe vibaya. Huenda kubonyeza kile kidude ndiyo namna pekee aliyoijua ya kusimama pale asianguke, na kwa saa ile ningemsamehe. Lakini baada ya hapo alikaa mezani akakisikiliza, akakikata, akakipima na midomo ya dada yake, akarudia tena na tena mpaka kikakaa sawa. Alikuwa anakusikia muda wote huo, na wewe uko chumba cha pili unashona. Hilo silisamehe, na wewe usiharakishwe kulisamehe.

Wifi yako mwambie hivi: mchoyo ni yule mwenye koo lake zima na bado anataka la mwenzake. Na mama mkwe mkumbushe kwamba cherehani haijalala hata siku moja, hapo mnalishana. Wewe nawe, dada, umezidi kunyamaza. Watu wanakuja kupongezana juu ya maiti ya mwanao, unawamiminia chai! Upole una mwisho wake, vinginevyo unageuka mkeka, kila apitaye anakanyaga.

Jumamosi usiende. Lakini Jumamosi usiisubiri pia. Leo mchana, akiwa hajatoka, mkalishe. Mwambie atoe kinasa sauti mfukoni, akizime, akiweke mezani katikati yenu, ndipo muongee. Usimwombe, mwambie: kilio kitoke kwenye filamu na kwenye gari la matangazo, nakala zote uzishike wewe, na wifi arudi mbele ya kamera alie kwa pumzi zake hata kama ukumbi utaangua kicheko. Kuchekwa si msiba. Msiba nyinyi wawili mnaujua. Akikubali, mna pa kuanzia, na njia ni ndefu. Akianza kukwambia lakini ukumbi umeshalipiwa, lakini sehemu ya tatu, usibishane naye. Chukua cherehani yako, nenda kwa watu wako, waite wakubwa wa pande zote mbili uwaeleze mbele yake, na gauni mwachie avae mwenyewe. Huko utakapofika, lia. Umekaa na kilio kifuani muda mrefu mno, kitakuua.

Kuhusu wale watoto wa nje, usiwafukuze wala usiwatukane. Maneno yale waliyapata kwa jini, hawajui yalitoka wapi. Wakija tena, simamisha cherehani, utoke, ukae nao pale chini, uwaambie ni mama gani aliyeyasema na alikuwa anamlilia nani. Barua yako ina jina la filamu, ina hata jina la Nguzo, lakini jina la binti yako nimelitafuta mwanzo mpaka mwisho sijaliona. Anza kwa kuwaambia hilo.