Sauti ya Kituo cha Tisa

Jumamosi, 5 Julai 2025

Tumefungua! Matembezi ya sauti makaburini yameanza rasmi. Watu walivaa hedifoni, wakatembea kaburi hadi kaburi kimya kimya huku sauti yangu ikiwaeleza. Mjerumani aliyekufa kwa malaria, fundi wa reli, masista. Jonathan, fundi wetu wa sauti, alikuwa anakimbia huku na huku na chaji mfukoni. Jua kali, lakini hakuna aliyelalamika.

Kituo kilichowagusa zaidi ni cha tisa, safu ya waliozama na boti. Pale siongei mimi. Anaongea Mzee Mihayo, yule anayefagia makaburi hayo bila kuombwa na mtu. Dada mmoja wa Nyakato alilia waziwazi.

Sikumwambia mtu kwamba Taata, baba yangu, yuko kwenye safu hiyo hiyo. Nilikuwa darasa la pili boti ya kurudi Bukoba ilipozama. Mwili ulikuwa umeharibika, wakamtambua kwa koti tu. Kumsafirisha hadi Bukoba ikashindikana. Jambo hilo Mama hajalisamehe mpaka leo — mume wake kulala ugenini badala ya kibanjani kwake, kwenye migomba ya kwao.

Anakuja Jumanne; kumbukumbu ya Taata ni Jumatano. Nitamsikilizisha.

Jumatano, 9 Julai

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyo hivyo.

Tulienda asubuhi. Mama aliweka maua kwa Taata, akasali rozari. Kisha nikamvalisha hedifoni, nikabonyeza kituo cha tisa. Mwanzoni alikuwa anatabasamu kwa kuwa ni kazi ya mwanae. Halafu uso ukabadilika. Nikadhani presha! Akavua hedifoni, akazishika mbali na mwili kama kitu cha moto.

Huyu nani? akauliza. Nikamwambia ni Mzee Mihayo, ndiye anayefagia hapa.

Rudisha nyuma, akasema.

Nikarudisha. Akasikiliza pale mzee anapocheka. Ana kicheko cha ajabu — anavuta pumzi ndani kwanza, kama mtu aliyeshtuka, ndipo anacheka. Mama akakaa chini. Juu ya kaburi lenyewe!

“Huyo ni Ta Clavery,” akasema. “Ni baba yako.”

Nikamwambia, Mama, Taata amelala hapo ulipokaa. Akanitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. “Nimekaa ndani ya nyumba moja na kicheko hicho, Prudencia. Usinifundishe.”

Baba yangu amekufa. Amekufa! Nimeandika “marehemu” mbele ya jina lake kila nilipotakiwa, tangu shule ya msingi. Hakuna mtu aliyewahi kunisahihisha.

Alhamisi, 10 Julai

Nimetoka ofisini. Nilitaka kusikiliza rekodi nzima, ile ambayo haijakatwa. Sikumweleza Jonathan kitu, lakini yeye mwenyewe aliposikia sauti akacheka. Alisema mzee huyu alimshangaza siku ile ya kurekodi. Mihayo ni jina la kwao Jonathan, Usukumani; akamsalimia Kisukuma vizuri tu, mzee akageuza maneno akaanza kuuliza habari za mvua kwa Kiswahili.

Halafu ikafika sehemu niliyoikata. Najisikia nikisema: mimi ni Prudencia Clavery, kwetu Kagera. Kimya. Kimya mpaka ndege wanasikika. Kisha mzee anauliza, “Mama yako bado yupo?”

Nikajibu yupo, mzima kabisa. Akasema, “Mungu mkubwa.”

Nilidhani ni adabu za wazee. Nikaikata kwa kuwa haikuhusu makaburi!

Alijua. Nilimwamkia, nikampa maji yangu anywe, nikamfungia maiki shatini — na alijua mimi ni nani! Akaendelea kunisimulia jinsi maiti zilivyoletwa mwaloni, pale boti zinapotia nanga, jinsi watu walivyopiga yowe. Bila kigugumizi. Mwishoni alinishika mkono, akachelewa kuuachia. Hilo nalikumbuka. Nilifikiri anasubiri hela ya soda.

Nimeinakili rekodi yote kwenye simu yangu. Jonathan anadhani ni ya kazi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimemuona Kashindye, mama mlinzi wa makaburini. Nikamuuliza kijuujuu. Anasema mzee anakaa Buswelu, huja kila Jumapili akitoka ibadani. Mkewe Rebeka anauza dagaa, mwanamke mkarimu sana.

Mkewe!

Na watoto? Wapo, wakubwa. Wa mwisho aliolewa mwaka jana, Kashindye alialikwa. Baba wa bibi harusi alicheza mpaka watu wakamtunza pesa.

Mimi siku ya harusi yangu nilikabidhiwa na baba mdogo. Nilipitia kaburini kwanza, na maua mkononi, nikaongea na saruji.

Mama nimemweleza yote. Hakulia. Aliomba pasi, akanyoosha kitenge chake cha misa.

Jumapili, 13 Julai

Naandikia hapa hapa makaburini, nimekaa kwenye ukingo wa kaburi la sista mmoja. Nikiacha kuandika nitapiga kelele.

Amekuja na fagio lake. Akatuona, mimi na Mama. Nilitegemea atakimbia. Hakukimbia. Shikamoo ikanitoka yenyewe mdomoni — mazoea tu! Hakuitikia. Alisema, “Prudencia,” basi.

Nilikuwa na maneno yangu, nimeyapanga tangu alfajiri. Mama akanizuia kwa mkono. Akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei:

“Koti lako alilivaa nani?”

Mzee akatazama chini. Akasema mvua ilikuwa inanyesha mwaloni. Kulikuwa na kijana anatetemeka, akampa koti. Kijana akapanda boti. Yeye hakupanda — alikuwa na mtu wa kumuona huku mjini. Siku chache baadaye akasikia kwamba amezikwa.

“Ukanyamaza.”

“Nikanyamaza, Ma Leonsia.”

Mama akatazama kaburi. Maua yake ya Jumatano yamekauka pale juu. 

“Nimemlilia mume wa nani miaka yote hii?”

Hapo mzee akavunjika. Alilia vibaya, kamasi, kila kitu. Akapiga magoti. Akanyoosha mkono kushika kitenge cha Mama, Mama akarudi nyuma.

Sijawahi kumuona Mama hivi. Nilifikiri atamuuliza habari za Rebeka. Nilifikiri atamzaba kibao! Anasema huyu aliyelala hapa ana kwao. Ana mama, pengine ana mke, pengine hadi leo wanatazama mlango. Akanigeukia: “Washa simu, urekodi. Maswali yako utamuuliza baadaye.”

Nimewasha. Simu iko juu ya saruji, kati yao. Kashindye amesimama pale getini, amejishika kichwa.

Mzee anaanza na habari zake. Shida za wakati ule, ujana, aibu ya kurudi. Mama anamkatisha. Anaanza tena na yake, Mama anamkatisha tena.

“Jina lake kwanza, Ta Clavery. Uliongea naye, ulimvalisha koti. Jina lake.”

Mzee amefumba macho. Midomo inacheza, sauti haitoki. Mama ameinama, sikio karibu kabisa na mdomo wake, na kwa mkono anaisogeza simu ili jina hilo lisipotee.