Anemoni wa Baba Mwikali

Jumatano

Amekufa. Yule anemoni, mnyama wa baharini aliye kama ua lililochanua, ambaye Baba Mwikali alimfuga kwenye tangi la samaki pale sebuleni.

Tangu Baba Mwikali alazwe hospitalini, mimi ndiye nimekuwa nikimtibu huyo anemoni. Nilimtenga kwenye ndoo, nikamtilia dawa ya bakteria na kumbadilishia maji ya chumvi kila asubuhi. Leo nimemkuta ameanza kuoza, nyumba nzima inanuka. Nimemzika nyuma ya jiko.

Kinachoniudhi ni kwamba kule hospitalini huniuliza habari za anemoni kabla ya habari za mtoto wetu. Leo nilitaka kumdanganya, lakini aliniangalia usoni tu, akajua.

"Ameenda?"

"Ameenda, Baba Mwikali. Pole."

Nilidhani atasema tutatafuta mwingine akitoka. Badala yake akaanza kunieleza, polepole, vile nitamwaga maji ya tangi na mtu wa kupewa wale samaki.

"Si utafanya mwenyewe ukirudi?"

Akanishika mkono. "Sikiliza, Mama Mwikali. Kwanza unazima pampu..."