Kaka Amechukua Akili ya Mashine

Jumatatu, 10 Machi

Kaka kaja karakana na wabebaji na shuka. Shuka! Utadhani amekuja kuchukua mgonjwa.

Habari ni ile ile. Anataka mashine ya kuchonga mbao iuzwe, hii ya kompyuta, aliyotuachia baba mimi na yeye. Mnunuzi kampata: mwenye duka la majeneza, anataka kuyachonga maua ubavuni ili marehemu wapendeze. Jana mama alikata shauri mbele yetu sote wawili. Milango ya bweni la wasichana niliyopewa kuichonga ikikamilika kufikia Jumamosi ya wiki ijayo, mashine inabaki. Isipokamilika, kaka auze na mimi nisifungue mdomo. Kaka akaitikia "Sawa, mama," sauti imejaa asali. Leo ndiyo nimejua asali ile ilikuwa ya nini.

Kaizunguka mashine, mikono nyuma. Si bure mtaa mzima unamwita Mwenyekiti. Hata kwenye harusi ya watu asiowajua ataishia kukaa meza kuu. Akauliza akili ya mashine iko wapi. Nikamwambia sijui, na kweli nilikuwa sijui. Baba ndiye aliyeiunga, mimi nabonyeza tu. Kioo akakipita — hiyo televisheni, akasema, yeye si mjinga. Akapiga picha, akamtumia rafiki yake mjuaji, yule aliyemuuzia gari lisilorudi nyuma. Rafiki akajibu: tafuta boksi kubwa, lenye feni na namba zinazowaka. Lipo ukutani, zito, linanguruma kutwa. Kaka akalipigapiga mgongoni.

"Hili hapa. Husikii linavyofikiri?"

Wakalichomoa, wakalifunga shuka, wakaondoka nalo. Mlangoni akageuka: "Mashine bila akili ni meza, mdogo wangu. Angalau umepata pa kulia chakula."

Nimelia. Tena si kidogo.

Jumanne, 11 Machi

Nimefungua karakana nimechelewa, macho yamevimba. Waya wa mashine unaning'inia pale boksi lilipokuwa. Una plagi ya kawaida. Ukutani kuna soketi. Nikachomeka — hasira tu, sikutegemea kitu.

Ikaamka! Kioo kikawaka, mkono ukajongea, kisu kikazunguka. Nikaruka nikagonga kichwa kwenye rafu. Nikacheka peke yangu mpaka jirani yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, akachungulia dirishani kuuliza kuna nini. Nikamwambia nimekumbuka kitu cha zamani.

Basi akili yenyewe iko wapi? Nikafuata nyaya kwa kidole. Kila mota ina waya wake, na zote zinapita chini ya meza na kuishia kwenye kiboksi cha kijivu. Kiboksi kile! Tangu enzi za baba naweka kandambili zangu juu yake nikivaa buti za kazi. Hakina feni ya kujitangaza, hakina namba, kimekaa kimya na vumbi lake huku kikiamuru kila kitu. Nimekifuta, nimekiomba radhi, kisha nikarudisha kandambili palepale. Mtu akija asione mabadiliko.

Na lile kubwa? Kunguruma na kujaza nafasi, basi. Debe tupu haliachi kuvuma. Katika familia yetu tunalo lingine, linavaa koti.

Jumatano, 12 Machi

Wifi kapiga simu kulalamika kuhusu mumewe. Kaka kaliweka boksi chumbani, upande wa kichwani. Kalifunika kitambaa cha meza walichozawadiwa harusini. Watoto marufuku kulikaribia. Na feni ya chumba kaielekeza huko, eti akili haitaki joto, wakati wifi analala anaoga jasho.

"Wifi yangu, nimeletewa mke mwenza," akasema, "tena wa chuma."

Nimempa pole ya dhati. Nimeziba simu, nimecheka, nimeendelea kumpa pole.

Milango inatoka vizuri. Nafunga mlango wa mbele, nafungulia redio mpaka spika inakoroma. Nikiulizwa, nachonga kwa mkono.

Ijumaa, 14 Machi

Mwenyekiti kapita kukagua. Nimesikia viatu vyake mapema, nikazima mashine, nikadaka patasi, nikajipaka vumbi la mbao usoni. Kaingia bila hodi. Kautazama mlango, maua yote yanafanana kama yametoka tumbo moja, na hakushtuka hata kidogo. Eti najitahidi, ila mkono utachoka, nisijiue bure. Halafu ushauri! Kuhusu subira, kuhusu familia kuwa kitu kimoja, kuhusu yeye anavyoitunza akili ya mashine kwa faida yetu sote. Nikasema asante, kaka. Ulimi niliouuma bado unauma.

Jumatatu, 17 Machi

Leo mjinga ni mimi.

Jirani kaanza kuchomelea geti kubwa. Taa zikafifia, zikarudi, zikafifia. Mashine ikashtuka, na kisu kikapita katikati ya maua kikachana mlango toka bawaba hadi kitasa. Nikachomoa waya. Nilipoinama chini ya meza, kiboksi cha kijivu kilikuwa kinanuka. Harufu ndogo, ya kitu kilichokaribia kuungua. Nikakaa sakafuni.

Nikamfuata jirani nikiwaka. Badala ya kuomba radhi akaniuliza stabilaiza yangu iko wapi. Stabilaiza gani? Ile kubwa inayonguruma, akasema. Si aliinunua baba yako baada ya kugombana na mimi kwa sababu ya uchomeleaji wangu? Kumbe kazi yake ni kuushika umeme, usipande wala usishuke, ndipo uifikie mashine. Bila hiyo, akasema, siku umeme utakapopanda vibaya kontrola, ndiyo kile kiboksi cha kijivu, itaungua, na mashine haitachonga mlango wala jeneza.

Kwa hiyo kaka hakuchukua akili. Alichukua mlinzi wa akili. Na mimi nimemcheka wiki nzima huku nikiiacha mashine ya baba uchi mbele ya umeme. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wangu umeshavimba.

Nimwendee nimwombe? Atauliza meza inahitaji akili ya nini. Heri niumwe na nyuki.

Jumatano, 19 Machi

Tumekubaliana na jirani: kabla ya kuchomelea apige geti nyundo, nizime. Ni mtu mwema ila msahaulifu, tena anapenda kuimba akichomelea. Akianza wimbo naacha kila kitu nakimbilia soketi.

Mama kaja bila taarifa. Kapitisha kiganja juu ya milango iliyokamilika. Akauliza kama nimeichonga kwa mkono. Ndiyo, mama. "Mkono wako umenyooka siku hizi," akasema. "Wa baba yenu haukufika hapo." Kisha akatazama ukutani lilipokuwa boksi, pamebaki alama safi isiyo na vumbi. Akatazama na waya unavyokwenda kwenye soketi. Hakuuliza kitu. Mama akiuliza najua pa kujifichia. Asipouliza ndipo naogopa.

Ijumaa, 21 Machi

Umebaki mmoja tu, wa kufidia ule uliochanika. Na umeme ukakatika.

Uliporudi ulirudi na kishindo, balbu ya choo ikapasuka. Mashine nilikuwa nimeichomoa. Nimeshika plagi mkononi muda mrefu, nikashindwa kuirudisha. Baba aliipata hii mashine kwa kukopa na kukosa usingizi. Siwezi kuiua kwa ajili ya mlango mmoja, na bila mlango mmoja naipoteza. Nimelitamani lile dubwana na ngurumo yake. Sikujua naweza kulikumbuka boksi.

Nimempigia wifi kinamna, kumsalimia. Akasema kwa furaha kwamba kesho mke mwenza anaondoka. Kaka analirudisha karakana asubuhi, anakuja na mwenye majeneza na fundi wake kuijaribu mashine. Mchana mama atakuja kuhesabu milango.

Nimekaa nikafikiri. Kisha nimeuweka ubao wa mlango wa mwisho juu ya mashine, nikaubana vizuri. Mchoro tayari umo. Acha aje.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nimesimama, wanadhani naandika vipimo.

Kaka kaja, koti na tai. Boksi kalibeba mwenyewe, na kitambaa cha harusi juu. Kaliunga polepole huku akimweleza mwenye majeneza kila waya, na kila waya kauita jina lisilo lake. Namba zikawaka. Ngurumo ikaanza. Nusura nilikumbatie mbele ya wageni.

"Mmeona? Sasa inafikiri."

Mgeni akataka kuiona ikichonga. Kaka akaniuliza kwa ukubwa kama kuna ubao wowote. Nikasema huo hapo, kaka, wa majaribio tu, bonyeza cha kijani. Kabonyeza! Kwa kidole chake mwenyewe. Mlango wa mwisho wa bweni unachongwa na Mwenyekiti.

Jirani kaanza kuimba. Taa zimefifia, cheche zinaonekana dirishani — mashine haikutikisika hata chembe. Kaka anatabasamu, anaonekana mdogo, kama zamani baba alipomsifu. Nimemwonea huruma ghafla. Imeniudhi.

Mama kafika mapema. Kaketi kwenye stuli, anahesabu kwa macho. Kauliza na huu unaochongwa je? Kaka kamjibu huu wa maonyesho tu, mama. Mama kanitazama mimi. Nimeinamia daftari.

Bado maua machache. Fundi wa mwenye majeneza hatazami maua. Anafuata nyaya kwa kidole, mmoja mmoja. Kaka anamwita aje huku, akili iko huku. Haji. Ameinama chini ya meza. Ametoa kandambili zangu, kazishika mkono mmoja, kwa mwingine anafuta vumbi. Anakitazama kiboksi. Anaitazama stabilaiza. Ananitazama mimi.

Anauliza hizi kandambili za nani.

Ni mama aliyejibu, hata hakugeuza shingo: "Zangu hizo, baba. Zirudishe ulipozitoa."

Kaka anacheka, anasema mama naye siku hizi anasahau viatu kila mahali. Fundi bado amezishika. Limebaki ua moja, na mama keshainua kidole kuhesabu mlango wa mwisho.