Hatuhami Ruiru

Baba,

Hatuhami. Naanza na hilo kwa sababu ungeliuliza kabla hata ya kuitikia salamu.

Unajua kawaida ya shamba hili la kahawa: mpishi akifa, nyumba hupewa mpishi mwingine na jamaa zake hurudi kwao. Lakini kwetu ni mbali, nawe tulikuzika hapa, nyuma ya mibuni, kwa kuwa pasi ya kukusafirisha haikupatikana. Mama alifunga vyombo ndani ya shuka, akawa anauliza kila mara nani atapalilia kaburi lako. Majirani walipopanda, yeye hakugusa jembe. Anayengoja kufukuzwa hapandi.

Jana asubuhi memsahib, mke wa bwana mwenye shamba, alikuja mwenyewe mlangoni, na nyapara wa kututafsiria hakuwepo. Alisema maneno mengi nisiyoyajua. Kisha akamwonyesha Mama kidole, akaionyesha nyumba, akasema "stay".

Baba, moyo ulinipasuka kwa furaha. Wenzako walirudi nyumbani na sukari, wewe ulirudi na neno la Kizungu kutoka jikoni kwao. Hilo la "stay" ulitufundisha Jumapili moja baada ya kanisa. Mbwa wa bwana huambiwa hivyo, naye hatoki alipo. Mgeni huambiwa abaki kwa chakula. Mgonjwa kule Thika huambiwa asitoke hospitali bado. Nikakuuliza kama na sisi huwa tunaambiwa. Ulicheka, ukasema, "Bado, mwanangu. Lakini lijue."

Nilimwambia Mama tunabaki. Hakuniamini, maskini, hadi nyapara alipokuja akathibitisha: atafua nguo kule nyumba kubwa, na nyumba ni yetu. Memsahib nilimshukuru, ila si sana. Udongo wa kuta hizi uliukandika wewe.

Usingizi umerudi, Baba. Hata uji una ladha. Mama alifungua shuka, akalia kidogo, akachukua jembe. Sasa anapanda maharagwe, na mvua karibu inakwisha. Nimemwambia amechelewa, hayatazaa. Amesema hajali, na ameyapanda mpaka ukingoni mwa kaburi lako.

Pumzika, Baba. Palizi nitaifanya mimi, kwako na kwenye maharagwe yake.

Binti yako,
Nekesa