Maganga, Umezikwa Bila Mtani Wako

Maganga,

Sikusalimii. Nina miaka sabini na nane. Nimezika wake wawili, nimeona njaa iliyomaliza ng'ombe wote wa baba yangu, na makocha wote wa timu ya chuo chetu nimewapikia mpaka wameisha, na wewe umo. Mimi bado nipo. Shule niliishia la tatu, mkono wangu ni mzito kuandika, lakini leo hasira inausukuma.

Ulipougua ukabaki kwako Nkuhungu, ulinishika mkono ukasema, "Mgogo, nenda na vijana. Wakila chakula cha mtu mwingine watafungwa." Kweli tupu. Nani mwingine anaweza kulisha wanachuo wale kwa kuni mbichi na wakacheza siku hiyo hiyo? Nikapanda basi. Likizo ya Krismasi ilipoanza tukawa njiani, tunalala kwenye madarasa ya watu, tunacheza na timu za vijiji. Kila uwanja nilikuwekea kiti chako pembeni, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, hata Mwalimu Fredi uliyemwachia timu. Alisimama juani kama mlingoti wa goli.

Mlali tulicheza siku ya Krismasi yenyewe. Tukashinda mbili bila. Mimi niko kwenye sufuria la pilau, nangoja makelele yao. Wanakuja kimya! Kapteni, yule Baraka mrefu, analia mpaka kamasi zinaingia mdomoni. Nikamwambia, "We mjinga, mtu aliyeshinda analia?"

Akasema, "Babu, Kocha amefariki. Walimzika juzi. Mwalimu ametuambia sasa hivi, baada ya filimbi."

Juzi! Juzi mimi nilikuwa Kongwa nachambua mchele!

Nikamkamata Fredi kola. Akasema, "Mzee Ndahani, nipige ukitaka. Ni yeye mwenyewe. Alinipigia simu, sauti inakatika, akasema: nikifa Mgogo asiambiwe mpaka Mlali ipite. Atageuza basi, na vijana wamehangaika mwaka mzima."

Ningegeuza, ndiyo! Ningelisukuma basi lile kwa kifua mpaka Nkuhungu! Nikapiga teke sufuria, pilau yote ikaenda kwenye vumbi mbele ya watu wa Mlali. Vijana walilala na maandazi ya dukani. Sijuti hata kidogo.

Wewe Mnyamwezi ulijua unachofanya. Miaka yote uliniita ombaomba, mla mlenda. Mimi nikakuita mpagazi, shingo imeingia ndani kwa kubeba mizigo ya watu. Tulikubaliana kabisa: atakayetangulia, mwenzake atashuka kaburini kabla jeneza halijaingia, alale humo, agome kutoka mpaka wafiwa walete jogoo. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Mtu anayezikwa bila mtani wake kazikwa kama mpita njia. Maneno yangu nilishayaandaa, Maganga. Dodoma nzima hakuna mtu angesema maneno kama yale. Waombolezaji wangecheka mpaka wakae chini. Umeninyima. Umenitania mara ya mwisho halafu ukaondoka nisiweze kujibu. Huo ni utani gani? Huo ni uonevu.

Asubuhi nikawaambia vijana hakuna mechi nyingine, na hakuna aliyebisha. Basi likaenda moja kwa moja mpaka kwako. Mkeo Mama Rehema akanipokea akasema, "Shemeji, nilitaka tukungoje. Alikataa katakata." Nikakuta kaburi limeshafunikwa na saruji.

Nikalala juu ya saruji hiyo hiyo, jua la mchana linachoma, nimevaa shati jeupe la sikukuu. Nikafungua mdomo niseme yale niliyoyaandaa. Hayakutoka. Likatoka moja tu, kwa sauti kubwa: "Mpagazi mwizi wewe, umekimbia na mzigo wangu!" Timu nzima imesimama kama mahakamani. Mama Rehema ndiye aliyecheka kwanza, machozi yanamtoka huku anacheka, akaenda bandani akarudi na jogoo. Vijana nao wakacheka. Mimi sikucheka.

Jogoo sikumla. Yuko hapa kwangu Ipagala, nimempa jina lako, na kila asubuhi namtukana.

Kwa heri, mpagazi. Nakuahidi Krismasi ijayo nitakwenda nao tena, nitawapikia, na watashinda, kwa sababu ya vijana, si kwa sababu yako. Na siku nitakayofika huko uliko, usinyooshe mkono. Nitakupiga kwanza, mengine baadaye.

Anayesema nimeongeza chumvi amwulize Mama Rehema. Amwulize Fredi, kola yake bado imechanika. Na amwulize Baraka, maana ndiye aliyeninyanyua pale kaburini, peke yangu nilishindwa kusimama.

Ndahani