Sauti Yangu Inaongea Bila Mimi

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka, maana nikiwa peke yangu jikoni nacheka mwenyewe, nikilala usingizi haunipati, na sijui kama hii ni furaha au ni woga. Mimi ni mama wa watoto wawili na kazi yangu ni kusoma matangazo, ile sauti inayokwambia kwenye simu ya benki usubiri kidogo, na ile inayoita wagonjwa hospitali waingie chumba fulani, hiyo ni mimi, nimeirekodi kwenye studio ya bwana mmoja tunayemwita Bosi Maiki, kachumba kenye magodoro ukutani na feni inayozimwa kila tukianza, nimefanya naye kazi tangu mtoto wangu wa kwanza ananyonya.

Basi juzi mama yangu mzazi, ambaye macho yake yamepungua nguvu na redio ndiyo mwenzake, akanipigia simu amekasirika, "Wewe mtoto, umeanza lini kuuza dawa ya kupunguza kitambi?" Nikamwambia mama, mimi siuzi kitu. "Nimekusikia kwa masikio yangu! Tena ulikuwa unamwaga maneno mfululizo, huvuti hata pumzi, nikasema huyu anaumwa." Nikatafuta lile tangazo mtandaoni nikajisikia, na kweli ni mimi, mshauri, kicheko changu, kikwaruzo changu cha kooni, kila kitu, na humo naapa kwamba nimepungua kwa vidonge ambavyo sijawahi hata kuviona!

Nikamwendea Bosi Maiki na nguo za nyumbani vilevile. Wala hakukana, hata alifurahi, akanivutia kiti, "Dada, kaa usikie maajabu," akaandika maneno kwenye kompyuta, akabonyeza, na mimi nikaanza kuongea Kifaransa, mimi ambaye Kifaransa sijui hata salamu! Nikwambie ukweli, nywele zilinisimama, nikamwomba arudie. Ndipo nikazinduka nikamuuliza ni nani alimruhusu kuifundisha mashine sauti yangu. Akacheka, "Rekodi ni zangu, kompyuta ni yangu, na sauti si kiwanja, dada, kwamba una hati yake."

Nikaenda moja kwa moja kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ni wakili. Sijamaliza kusimulia akaruka kwenye kiti, "Wifi, umekuja wakati wake! Sheria mpya imeanza mwaka huu!" Akanieleza kwamba sasa hapa kwetu sauti ya mtu inalindwa kama uso wake, hakuna ruhusa ya kufundisha mashine iiige bila mwenyewe kuridhia, na studio kumiliki rekodi hakumaanishi inammiliki aliyerekodiwa. Akaandika malalamiko kwa ile redio, kwa wenye mtandao uliolibeba tangazo na kwa ofisi ya serikali inayolinda taarifa za watu, na kesho yake asubuhi tangazo limefutwa! Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Sasa Bosi Maiki amekuja nyumbani na mkataba, mpole kama si yeye, anataka sauti yangu kwa lugha zote, kwa matangazo yote, milele, hata nikifa. Mume wangu anasema, "Mke wangu, saini, utakuwa umelala na hela inaingia." Wifi naye anafoka, "Ukisaini mimi na wewe basi! Twende mahakamani, utakuwa wa kwanza, kesi yako itasomwa vyuoni!" Ndugu hao wawili walirushiana maneno mezani kwangu mpaka leo hawasalimiani. Bosi anataka jibu Ijumaa. Na mimi, mshauri, nataka sheria imshike, lakini pia nataka kujisikia tena nikiongea lugha za watu, sauti yangu ifike nisikofika. Je, nina tamaa? Nimfuate nani?

Msomaji sauti, mwenye furaha na woga

JIBU

Mwanangu, huna tamaa hata kidogo. Kujisikia unaongea lugha usiyoijua ni jambo la kumtoa mtu jasho, hata mimi ningeomba irudiwe. Kosa lako si kufurahi, kosa ni kufurahi mbele yake. Pale pale alijua bei yako.

Kwa kuwa Ijumaa isingesubiri gazeti, nilikupigia simu, na kwa faida ya wasomaji nasema yaliyotokea. Nilikwambia umwambie mwenye studio kitu kimoja tu, bila mume, bila wifi: afute neno "milele". Uliniambia uliyarudia maneno hayo mara tatu jikoni, wewe unayelipwa kwa sauti. Kisha ulimwambia. Naye akakohoa, akatazama dari, kisha akasema, "Haya, tuanze na mwaka mmoja." Mtu aliyekuambia huna hati sasa anakuomba umpangishie! Ulipiga kelele kwenye simu, sikio langu bado linavuma.

Sasa tulia. Mumeo mwambie hela inayoingia umelala inaweza pia kukutukana umelala, maana kesho utauza sumu kwa kicheko chako mwenyewe. Wifi yako mshukuru sana, amekufanyia kazi ya maana, ila anatafuta kesi ya kusomwa vyuoni na wewe unatafuta maisha. Na hawezi kuwa wakili wako huku anagombana na kaka yake mezani kwako. Akutafutie mwenzake asiye wa ukoo.

Malalamiko kule serikalini usiyafute hata akikuletea maua. Lile tangazo, kama mtu alilihifadhi, mwombe akupe uliweke kama ushahidi. Mkataba utaje kila kazi kwa jina lake, na kila tangazo ulisikie wewe kwanza kabla halijatoka, na la lugha ya kigeni asikilize mtu anayeijua, akwambie umesemeshwa nini. Uwe na haki ya kusema basi, na ukisema basi, ile sauti ifutwe kwenye mashine. Akikataa hata moja kati ya hayo, hapo ndipo mpeleke mahakamani, nami nitakuja kukaa kiti cha mbele.

Na Ijumaa ni yake, si yako. Utasaini siku utakayoichagua wewe, umeshiba, umelala vizuri, na hakuna mtu aliyekusimamia mgongoni.